Bob Marley hakuuawa na mpira: Stori ya kidole ambayo Kitale na Bungoma tunafaa kuisikia

Panda matatu jioni kutoka Kitale kuelekea Bungoma. Kabla mfike Kiminini rege itakuwa imewashwa, na kama si sauti ya Bob Marley inayosikika, basi ni picha yake imebandikwa nyuma ya kiti cha dereva. Sasa anzisha stori ya kifo chake. Hutakosa msee wa kukwambia kwamba jamaa aliumia kidole akicheza mpira, kidole kikaoza, akafa. Mwingine ataapa kwamba maadui walimtegea kitu ndani ya viatu.

Zote mbili ni porojo. Marley aliuawa na saratani. Na ukiifuata stori yake vizuri utaona inamhusu mama yako, shangazi yako na dada yako, hata kama yeye hakuugua saratani ya matiti. Vumilia kidogo, tutafika huko.

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaica. Mama yake, Cedella, alikuwa msichana wa kijijini mwenye miaka 18. Baba yake, Norval, alikuwa Mzungu aliyemzidi mama huyo umri kwa mbali, na hakukaa kumlea mtoto. Bob na mama yake wakahamia Kingston, kwenye mtaa wa mabanda wa Trench Town. Akiwa bado kijana mdogo aliacha shule akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Yaani ungemkuta leo pale jua kali, miwani usoni, cheche zikiruka. Wenzangu tulioachana na masomo njiani, mnaona hatuko peke yetu.

Mwaka wa 1963 yeye, Peter Tosh na Bunny Wailer wakaanzisha kundi la Wailers. Mengine unayajua. Kufikia katikati ya miaka ya 70 alikuwa mkubwa kiasi kwamba wanasiasa wa Jamaica walimwogopa na kumhitaji kwa wakati mmoja. Desemba 3, 1976 watu wenye bunduki walivamia nyumba yake wakampiga risasi. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani akaimba mbele ya maelfu ya watu, jeraha likiwa bado bichi.

Huyo ndiye Marley. Alikuwa na vitu vitatu ambavyo havikutoka mwilini mwake: muziki, imani ya Kirasta na mpira. Mpira aliucheza kila alipopata nafasi, iwe ni uani kwake au kwenye ziara katikati ya shoo mbili. Alikimbia kila mara. Chakula chake kilikuwa kile Marasta wanaita ital, yaani mboga, matunda na vitu vya shambani visivyochakachuliwa. Ukimpima kwa macho, ungesema huyu ana afya kuliko sisi sote tunaoishi kwa chipsi na soda.

Mwaka wa 1977, mwaka wa albamu ya Exodus, aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira. Kidonda kikakataa kupona. Julai mwaka huo madaktari wakakichunguza, wakapata melanoma chini ya ukucha. Melanoma ni saratani ya ngozi. Kwa sisi watu weusi hupenda kujitokeza mahali jua halifiki sana: chini ya kucha, kwenye viganja na kwenye nyayo. Kwa hivyo mpira haukuileta. Kilichotokea ni kwamba kwa mchezaji, kidole chenye kidonda ni kitu cha kawaida, na ugonjwa ukajificha hapo hapo.

Madaktari wakamshauri kidole kikatwe. Marley akakataa. Imani yake ilimtaka aulinde mwili wake ukiwa mzima, na kwa mtu anayeishi kwa kucheza jukwaani na uwanjani, kidole hicho hakikuwa kitu kidogo. Usiharakishe kumcheka. Mwanamke wa Chwele au Kiminini akiambiwa titi litolewe, naye huwaza mwili wake, ndoa yake na maneno ya majirani. Hofu ni ile ile.

Daktari mmoja wa Miami akamfanyia upasuaji mdogo: akakwangua sehemu yenye ugonjwa na kuiziba kwa ngozi iliyotolewa pajani. Ziara ya Marekani ikafutwa, kidole kikapona kwa nje, na maisha yakaendelea.

Na yaliendelea kwelikweli. Aprili 1978 aliwaita jukwaani mahasimu wawili wa siasa za Jamaica, Michael Manley na Edward Seaga, akaishikanisha mikono yao. Mwaka huo huo alikuja upande wetu huu wa Afrika, akafika Shashamane, Ethiopia, mji ambao Marasta wengi wanauita nyumbani. Aprili 1980 alikuwa katika uwanja wa Rufaro, Harare ya leo, akiimbia Zimbabwe usiku wa uhuru. Juni akatoa Uprising, na mwezi huo huo akajaza uwanja wa San Siro kule Milan.

Sasa simama hapo uangalie hiyo miaka mitatu. Jamaa alikuwa na lishe safi, mazoezi ya kila siku, sala, mitishamba na muziki unaotikisa dunia. Kama kuna binadamu ambaye vitu hivyo vingemtosha kuishinda saratani, ni huyu. Alichokosa ni kitu kimoja kinachochosha, kisichoimbwa na mtu yeyote: kurudi hospitalini mara kwa mara kuangalia kama ugonjwa umehama. Wengi waliosimulia maisha yake wanasema hilo hakulifuatilia inavyofaa. Na ugonjwa ulikuwa umehama.

Septemba 1980 alipiga shoo mbili Madison Square Garden, New York. Septemba 21 akaenda kukimbia katika bustani ya Central Park na rafiki yake mwanasoka, Alan Cole. Akaanguka. Vipimo vilionyesha saratani imefika kwenye ubongo, mapafu na ini. Siku mbili baadaye, akijua hayo, alipanda jukwaani Pittsburgh akamaliza shoo nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Matibabu ya New York yakaanza, na dredi alizozifuga kwa miaka zikaondoka. Novemba akabatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia. Kisha akapelekwa Bavaria, Ujerumani, kwa daktari Josef Issels, aliyejulikana kwa kuwapokea wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa kwingine. Issels alitumia lishe maalum, vitamini, kupandisha joto la mwili na njia nyingine ambazo hazikuwa zimethibitishwa, na madaktari wenzake wengi walimpinga. Marley alifikisha miaka 36 huko, kwenye baridi ya Februari, mbali kabisa na jua la nyumbani. Mwezi Mei Issels akakubali kwamba hakuna lingine la kufanya. Marley akataka arudishwe Jamaica. Hakufika. Alifariki Miami, Mei 11, 1981. Siku kumi baadaye alizikwa Nine Mile, kijiji alikozaliwa.

Sasa turudi kwetu. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wagonjwa wapya miongoni mwa wanawake wa Kenya. Na mara nyingi ndugu zetu wa Bungoma na Trans Nzoia hutembea njia ya Marley lakini kwa mpangilio mbaya zaidi: wanaanza na mitishamba na maombi, kisha miezi ikipita na uvimbe ukipasuka ndipo hospitali inakumbukwa. Marley angalau alianza na daktari.

Usinielewe vibaya. Sisemi utupe mitishamba au umnyamazishe mama anapoimba. Nasema kila kitu kikae kwenye nafasi yake.

Tuanze na dawa za miti. Hospitali haina vita na miti. Vinkristini, dawa ya saratani inayotumika duniani kote, ilitokana na ua la Madagaska. Paklitakseli, ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hupewa, ilitokana na gome la mti. Tofauti ni kwamba hizo zilisafishwa, zikapimwa, kiwango kikajulikana. Ile chupa ya sokoni haina kipimo, na ini la mgonjwa ndilo linalobeba mzigo wa kemo na wa chupa kwa pamoja. Dawa nyingine ya miti inaweza kupunguza nguvu ya kemo au kuizidisha hadi idhuru. Kwa hivyo mama akitaka kuinywa, amwambie daktari wake kwanza, bila aibu. Bora hata abebe chupa yenyewe.

Mazoezi je? Hayo yana kazi halisi. Mgonjwa anayetembea kidogo kila siku wakati wa matibabu huwa na uchovu mdogo na usingizi bora kuliko yule anayelala tu. Baada ya upasuaji wa titi, bega hukakamaa, na tezi za kwapani zikitolewa mkono unaweza kuvimba. Mtaalamu wa viungo humfundisha mgonjwa kuinua na kuzungusha mkono polepole, hatua kwa hatua. Na sisi watu wa Bungoma tuna kamabeka, ngoma inayochezwa kwa mabega. Mtaalamu akishatoa ruhusa, mwekee mama litungu aanze kutikisa taratibu. Hapo atakuwa amepata mazoezi na muziki kwa mpigo mmoja, tena bila kulipia ukumbi.

Muziki nao hupunguza wasiwasi, na kuna utafiti unaounga mkono hilo kwa wagonjwa wa saratani. Safari ya kutoka Bungoma au Kitale hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ambako wengi wetu hutumwa kwa matibabu ya saratani, huchosha. Kukaa kwenye kiti dripu ya kemo ikishuka tone kwa tone huchosha zaidi. Mpe mama simu yenye nyimbo zake, za kwaya au za Marley, chaguo ni lake. Wimbo utampa nguvu ya kurudi wiki ijayo, na kurudi huko ndiko kutakakomsaidia.

Wewe kijana una kazi pia. Wewe ndiye unayejua kusajili watu SHA kwa simu, kukumbuka tarehe za kliniki na kuandika orodha ya maswali ya kumuuliza daktari. Wewe ndiye unayeweza kuuliza swali ambalo baba anaona haya kuliuliza: mama, kuna uvimbe wowote kwenye titi au kwapani? Ngozi imebonyea kama ganda la chungwa? Chuchu imeingia ndani, au inatoa damu? Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, kwa hivyo jibu la ndiyo si hukumu ya kifo. Ni sababu ya kwenda hospitali ya kaunti wiki hii, upigwe picha, na ikibidi kipande kidogo kitolewe kupelekwa maabara. Na kama wewe ni mvulana, jua kwamba hata wanaume hupata saratani ya matiti, ila ni wachache.

Marley alikuwa na pesa, umaarufu na madaktari wa mabara mawili. Vyote vilifika vikiwa vimechelewa, kwa sababu ugonjwa haukumsubiri amalize ziara. Mama yako hana ziara ya kumaliza. Ana shamba la mahindi, chama cha Alhamisi na harusi ya binamu mwezi ujao, na atakwambia ataenda baada ya hayo. Usikubali. Mwambie mahindi utapalilia wewe.