Johann Ludwig Krapf: Mtumishi Aliyeishia Mto Tana



Katika kuandaa kitabu hiki cha yubilei tuliona vema tuweke habari za mtu mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga Meru wala Embu, lakini kazi yake ilitufikia. Wengi wetu tulilisoma jina lake katika somo la historia: Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni ya Rabai na kuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya. Shuleni tulikariri miaka na majina ili tupite mtihani. Leo tuyasome maisha yake kwa swali lingine: mtu huyu aliitegemeaje neema ya Mungu mambo yalipomwendea vibaya?

Mtoto aliyepigwa bila kosa

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda. Aliugua karibu nusu mwaka. Akiwa kitandani alianza kuisoma Biblia kwa moyo wote na kuwaza habari za uzima wa milele. Kipigo kisicho cha haki kingeweza kumjaza chuki. Kwake kikawa mlango wa kumjua Yeye aliyepigwa kwa ajili ya makosa ya wengine.

Alisomea utumishi, na mwaka 1837 akaanza safari ya kwenda Ethiopia akiwa chini ya Church Missionary Society, yaani CMS, chama cha misheni cha Kianglikana. Huko alifanya kazi miaka kadhaa mpaka njia zikafungwa. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich katika mji wa Alexandria, Misri. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa jangwani kabla ya siku zake kutimia, wakiwa safarini, na hakuishi. Walimwita Eneba, jina ambalo maana yake ni chozi.

Kaburi la bara

Januari 1844 Krapf na mkewe walifika Zanzibar. Sultani Sayyid Said aliwapokea vizuri akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu msomi. Ni vema tulikumbuke hilo kila tunapofungua Biblia ya Kiswahili.

Mwezi uliofuata Rosine alijifungua binti. Homa ikaingia nyumbani. Rosine akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akafa, baba yao akiwa mgonjwa hoi. Kwa matakwa yake Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi lake na kukumbuka kilichomleta. Kaburi hilo lipo mpaka leo upande wa Nyali.

Mume aliyezika mke na watoto wawili katika muda wa miaka miwili angeeleweka kama angepanda jahazi la kwanza na kurudi kwao. Krapf aliwaandikia wakuu wa misheni kwamba kaburi lile ni alama kuwa kazi ya Mungu imeanza upande huu wa Afrika. Hayo si maneno ya mtu asiyelia. Ni maneno ya mtu aliyeamini kwamba Kristo ameshinda mauti, na ya kwamba aliyelala katika Bwana hakupotea. Kama angekuwa anamtumikia Mungu ili alipwe, siku ile angejiona amedhulumiwa mshahara wake. Yeye alijua wokovu ni zawadi, na zawadi hiyo kaburi haliwezi kuinyang'anya.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1875, si mbali na kaburi hilo, CMS ilifungua kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Watu waliouzwa kama mbuzi walihubiriwa habari za uhuru wa pili, ule wa kutoka katika dhambi na mauti, karibu na mahali alipolala Rosine.

Mringe wa kwanza

Agosti 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianza kazi Rabai. Kwa miaka mingi wasikilizaji walikuwa wachache na walioamini wachache zaidi. Wa kwanza kuipokea Injili kwa moyo wote hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa ng'ombe. Alikuwa Mringe, maskini mlemavu wa viungo. Alifundishwa, akaamini, akabatizwa alipokaribia kufa.

Wapendwa, tusimame kidogo hapa. Mringe hakuweza kujenga kanisa. Hakutoa sadaka kubwa, hakuhubiri, hakuongoza kwaya. Hakuwa na muda wa kufanya hata tendo moja la kumlipa Mungu. Alipokea tu. Kama kuna mtu katika nchi hii aliyeokolewa kwa neema peke yake, kama ifundishavyo Waefeso 2, ni huyo. Naye ndiye malimbuko ya kazi hiyo.

Mto ambao hakuuvuka

Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake mkubwa wa Wakamba, mzee Kivoi, Krapf aliviona vilele vyeupe vya mlima wetu, Kirimara kwa Wameru na Kirinyaga kwa Waembu. Wasomi wa Ulaya walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mlima haukujali.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani, na mwezi wa Agosti akaandamana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Ng'ambo ya mto huo ndiko kwetu, nchi ya Mbeere na Tharaka. Walipokaribia mto walivamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Kwa kiu kali aliutafuta mto mpaka akaupata, akanywa. Hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba. Lakini miiba ya msituni ilizizibua zile mitutu na maji yakamwagika. Alijificha mchana na kutembea usiku, akila majani na mizizi. Alipowafikia watu wa Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha mzee wao, akatoroka usiku kwa kuhofia maisha yake.

Hakuuvuka Mto Tana tena. Mwaka 1853, afya ikiwa imeharibika, alirudi Ujerumani. Ukipiga hesabu ya kibinadamu, jumla ni makaburi, waumini wasiojaa benchi moja, na safari iliyoishia mtoni.

Neema ilivuka

Lakini hesabu haikufungwa hapo. Mwaka 1862 Krapf alikuwa tena pwani, akiwaonyesha njia wamisionari wa Kimethodisti, nao wakaanza kazi Ribe. Kanisa hilo lililoanzia Ribe ndilo lililofika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Nayo CMS, chama kilichomtuma Krapf, ilifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910. Kutoka siku ile ya kiu mpaka Kigari ni miaka 59. Injili ilivuka mto uleule uliomshinda mtumishi wake.

Hatusemi Krapf alikuwa malaika. Katika maandishi yake yamo maneno makali juu ya wenyeji waliompokea, maneno ambayo leo tusingeyakubali. Yeye naye alihitaji neema ileile aliyoihubiri. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, Ujerumani. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, kama mtu anayeomba. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Hakuiona.

Neno kwa wanakwaya

Katika sherehe hii tutahesabu mengi: miaka, sare, mashindano tuliyoshinda, nyimbo tulizorekodi. Tuhesabu kwa shukrani. Ila tusifikiri kwamba kwa hesabu hiyo tumemlipa Mungu, wala kwamba mwenzetu ambaye jina lake halimo katika orodha amepungukiwa kitu. Wapo waliokuja mazoezini kwa mguu wakati wa mvua, wakaimba sauti ya pili miaka yote bila kushika kipaza sauti, na sasa wamelala. Wapo walioanguka njiani wakaona haya kurudi. Kwa hao walioanguka neno letu ni moja: mlango uliomwingiza Mringe haujafungwa. Njooni Alhamisi, kiti chenu kipo.

Nasi tuliobaki tuimbe kama watu waliokwisha kupewa. Mto mwingine tutauvuka, na mwingine tutaachia wengine wauvuke. Aliyetuokoa ni mmoja, na neema yake haiishii mtoni.



Katibu wa Kwaya