Akufaaye kwa Dhiki

Wahenga walituachia neno kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Leo tunapenda kumkumbuka kijana wa Kanada aliyelithibitisha neno hilo kwa uhai wake, ingawa huenda hakupata kulisikia.

Andrew Mynarski alizaliwa mjini Winnipeg mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alifariki naye angali kijana, ikambidi ashike kazi ya kukata ngozi ili aisaidie familia. Mwaka 1941 alijiunga na jeshi la anga la nchi yake. Baadaye akapelekwa Uingereza, akawa mpiga bunduki wa juu katika ndege ya mabomu aina ya Lancaster ya Kikosi cha 419.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, 1944, wiki moja baada ya majeshi ya muungano kutua Normandy, ndege yao ilikwenda kushambulia njia za reli za Cambrai, Ufaransa. Ikapigwa na ndege ya Kijerumani. Injini mbili za kushoto zikazimika na moto ukawaka. Rubani akawaamuru wenziwe waruke. Mynarski alikuwa amekwisha fika mlangoni alipomwona Pat Brophy amenaswa katika kibanda cha bunduki cha mkiani.

Aliuacha mlango, akatambaa katikati ya moto, akapambana na kibanda kile kwa shoka, kisha kwa mikono mitupu. Hakikufunguka. Brophy mwenyewe akampungia mkono aende ajiokoe. Akarudi kinyumenyume, nguo zikimwakia mwilini, akasimama wima, akampigia mwenzake saluti, akaruka na mwavuli uliokwisha shika moto. Alifariki kwa majeraha hayo akiwa na miaka 27, akazikwa Méharicourt, kaskazini mwa Ufaransa.

Majaaliwa hayana mwamuzi. Ndege ilipoanguka Brophy alitupwa nje, akatoka hai. Wenziwe watano nao walisalimika. Ni kwa ushahidi wake yeye ndipo Mynarski akatunukiwa mwaka 1946 Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika dola ya Kiingereza.

Lau Brophy angekufa, kitendo kile kingalizikwa pamoja na mtendaji. Nasi watu wa bahari hii tulizingatie jambo hilo. Tarehe 12 Februari ya mwaka huo huo, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo askari wengi wa Afrika Mashariki. Hatuamini kwamba siku ile hapakuwa na aliyemshika mkono mwenzake. Waliobaki kusimulia ndio waliokuwa wachache.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana ya elimu na nyaraka wazifikie familia za askari wa zamani, na kuyaandika yale ambayo wazee waliwasimulia watoto wao. Hiyo ni amana, na kila mwaka upitao unapunguza wanaoijua.