Ronald Ngala, Mwalimu wa Pwani Aliyedai Majimbo



Ukiandika anwani yako ya Houston, Dallas au Fort Worth, unamalizia na Texas. Kwa Kiswahili tunasema jimbo la Texas. Lina gavana wake na bunge lake kule Austin, nalo huamua mambo mengi ya shule unayosoma na barabara unayopita. Nchini Kenya, neno hilohilo liliwahi kuzusha mabishano makali. Leo umjue mtu aliyelipigania.

Ronald Ngala alizaliwa mwaka 1923 huko Kilifi, katika jamii ya Wagiriama, ambao ni mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda. Alisoma Alliance, kisha Makerere kule Uganda, akarudi kufundisha hadi akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wanane wa kuwawakilisha katika Baraza la Kutunga Sheria. Watu wa Pwani walimpeleka yeye.

Uhuru ulipokaribia, Ngala aliingiwa na wasiwasi. Chama cha KANU kilikuwa na nguvu zaidi kwa Wakikuyu na Wajaluo, makabila makubwa. Je, Mgiriama au Mmaasai akiwa na neno kuhusu ardhi au shule yake, nani kule Nairobi atamsikiliza? Mwaka 1960 yeye na wenzake, akina Masinde Muliro na Daniel arap Moi, waliunda chama cha KADU, naye akakiongoza. Walidai majimbo: kila eneo liwe na baraza lake na lijiamulie maendeleo yake.

Wapinzani wao nao walikuwa na hoja. Nchi changa ikigawanywa itakosa nguvu, na mtu aliyehamia eneo lisilo la kabila lake huenda akafukuzwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure.

Katiba ya 1963 ilileta majimbo saba, na Ngala akawa rais wa baraza la Pwani. Lakini fedha zilibaki mikononi mwa serikali kuu, na baraza lisilo na fedha ni jembe lisilo na mpini. Novemba 1964 Ngala aliivunja KADU, akajiunga na KANU, na baadaye akawa waziri. Wako waliomwona amesalimu amri, na wako waliomwona ameepusha ugomvi. Alifariki Desemba 25, 1972, baada ya ajali ya gari.

Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47. Tangu 2013 kila kaunti ina gavana wake, na zote kwa pamoja hutengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Si majimbo yale ya Ngala, lakini swali lake bado liko hai: anayeishi mbali na mji mkuu atasikikaje?

Kazi ya nyumbani: mpigie simu babu au bibi, umwamkie, kisha umwulize kwao ni mkoa au kaunti gani, na nani aliamua barabara au shule ya kwao ijengwe. Uje na jibu darasani.