Leopold II: Mfalme aliyeacha jina lake kwenye gari la kifahari na jeraha lake Kongo

Mwanzoni mwa karne ya 20, tajiri wa Paris, London au New York aliyetaka gari la kuwaonyesha watu kwamba pesa anazo, alikuwa na jina moja la kumtajia fundi: Roi-des-Belges. Kwa Kifaransa maana yake ni Mfalme wa Wabelgiji. Halikuwa jina la kampuni wala la injini. Lilikuwa jina la umbo la bodi, na mfalme mwenyewe alikuwa Leopold II, ambaye wakati huo aliimiliki Kongo nzima kama mtu anavyomiliki shamba lake.

Kwa watu wa Likasi na vijiji vya wavuvi vinavyolizunguka Ziwa Tshangalele, mkoani Haut-Katanga, Leopold ni jina la darasani: mfalme wa mikono iliyokatwa. Habari za gari lake husimuliwa mara chache, ingawa ndizo zinazoeleza vizuri zaidi ni kitu gani hasa kilichokuwa kikitafutwa Kongo.

Alizaliwa Brussels tarehe 9 Aprili 1835, mtoto wa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji. Alitawazwa Desemba 17, 1865, baada ya baba yake kufariki. Ndoa yake na Marie Henriette wa Austria haikuwa na raha. Mtoto wao pekee wa kiume alifariki mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka tisa, na tangu hapo mfalme akawa mtu wa hesabu na ramani zaidi kuliko mtu wa familia.

Tatizo lake kubwa lilikuwa ukubwa wa nchi. Ubelgiji ilikuwa ndogo, na bunge lake halikutaka makoloni. Leopold akaamua kujitafutia koloni lake binafsi. Mwaka 1876 aliwaita Brussels wasafiri na wanajiografia, akajionyesha kuwa mfadhili wa sayansi na adui wa biashara ya utumwa. Kisha akamwajiri Henry Morton Stanley, ambaye kati ya 1879 na 1884 alijenga vituo kando ya Mto Kongo na kukusanya alama za kalamu za machifu kwenye mikataba ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Katika mkutano wa Berlin uliomalizika Februari 1885, mataifa makubwa yakampa alichokitaka: eneo lenye ukubwa wa zaidi ya mara 70 ya Ubelgiji, likaitwa Dola Huru ya Kongo. Yeye mwenyewe hakulikanyaga hadi alipokufa.

Waswahili pia waliingizwa kwenye mpango huo. Mwaka 1887, Stanley akiwa Zanzibar kwa niaba ya mfalme, Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, sehemu ambayo leo ni Kisangani. Mfalme aliyejitangaza kuwa adui wa utumwa alimpa cheo mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa pembe na watumwa katika eneo hilo. Miaka michache baadaye, jeshi la mfalme likawapiga vita na kuwafukuza Waarabu na Waswahili wa mashariki mwa Kongo.

Tairi lililobadilisha kila kitu

Miaka ya mwanzo Kongo ilimtia mfalme hasara. Pembe za ndovu hazikutosha, na madeni yakaongezeka. Kilichomwokoa kilitoka mbali na Afrika: mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Lilianza kwenye baiskeli. Mwaka 1895 ndugu wa Michelin wakaliweka kwenye gari katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Ghafla dunia ikataka mpira, na mashamba ya mipira ya Asia yalikuwa hayajakomaa. Misitu ya Kongo ilikuwa na mipira ya mwituni, mimea itambaayo kwenye miti, ambayo haikuhitaji kupandwa wala kupaliliwa. Ilihitaji watu wa kuigema tu.

Watu hao hawakulipwa, walilazimishwa. Askari wa Force Publique waliingia vijijini, wakawashika wanawake mateka, na wanaume wakapelekwa porini hadi watimize kilo walizopangiwa. Aliyepungukiwa alichapwa kiboko, mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo huyo. Ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea kwenye kuwinda nyama, askari walidaiwa mkono wa kila waliyemuua, na wengine wakakata mikono ya watu walio hai ili hesabu itimie.

Mwaka 1890 Kongo ilisafirisha tani 100 hivi za mpira. Mwaka 1901 zilifika 6,000.

Na ni mwaka huo huo wa 1901 ambapo mfalme aliagiza gari.

Alikuwa mpenda magari wa kweli. Kabla ya hapo alizoea kuendesha baiskeli kubwa ya magurudumu matatu, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe zilizofika kifuani, ambazo husimuliwa kuwa alizivalisha mfuko mvua iliponyesha. Majira ya baridi alikwenda pwani ya kusini mwa Ufaransa, ambako alinunua ardhi na nyumba za fahari. Pwani hiyo ndiyo iliyokuwa soko la magari ya kifahari: huko Nice, mwaka huo huo wa 1901, mfanyabiashara Emil Jellinek alianza kuuza gari jipya la kampuni ya Daimler alilolipa jina la binti yake, Mercedes.

Gari la Leopold lilikuwa Panhard et Levassor la nguvu za farasi 40, na bodi yake ilitengenezwa na mafundi wa Rothschild wa Paris, ambao si wale wenye benki. Magari mengi ya wakati huo yalikuwa bado yanafanana na mkokoteni wa farasi uliopoteza farasi wake. Hili lilikuwa tofauti. Viti vyake vya nyuma vilivimba na kupinda nje kama ua la tulipu, mbao na chuma vikafuata mikunjo ya kochi la sebuleni. Hadithi ya mafundi inasema wazo lilitoka kwa Cléo de Mérode, mnenguaji maarufu wa Paris ambaye magazeti yalimwita mpenzi wa mfalme. Yeye alikana maisha yake yote kwamba alikuwa mpenzi wake.

Umbo hilo halikuongeza mwendo wala kupunguza vumbi. Lilichofanya ni kumfanya abiria aonekane. Na soko likaliitikia. Kwa miaka kadhaa kila mtengeneza bodi mwenye jina alikuwa na Roi-des-Belges yake, na lile gari maarufu la Rolls-Royce la mwaka 1907 lililopakwa rangi ya fedha na kuitwa Silver Ghost, lilivalishwa bodi ya mtindo huo na mafundi wa Barker wa London.

Mchezo huo haujaisha. Mwaka 2004 Mercedes-Benz iliingiza sokoni CLS: gari la milango minne, lakini paa lake limeinamishwa nyuma kama la gari dogo la michezo. Chini lilikuwa ndugu wa gari la kawaida la kampuni hiyo, tena abiria wa nyuma alipata nafasi ndogo zaidi kichwani, na bado wanunuzi walikubali kulipa zaidi kwa ajili ya mstari wa paa. Porsche, Audi, BMW na Aston Martin wakafuata. Kisha matajiri wakahamia kwenye magari ya juu yanayofanana na ya porini, na mwaka 2023 CLS ikaacha kutengenezwa. Afrika Mashariki, ambako wakubwa walikuwa wamekwisha kupewa jina la wabenzi tangu miaka ya 1960, hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba gari la kifahari hununuliwa kwa macho ya wengine.

Shaba ya Katanga

Mpira wa Leopold ulitoka zaidi kwenye misitu ya kaskazini na Kasai. Katanga aliitaka kwa sababu nyingine.

Mtawala wa huko alikuwa Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tabora ya leo na kujenga dola lenye nguvu, makao yake yakiwa Bunkeya, kwenye bonde la Mto Lufira, si mbali na Likasi. Utajiri wake ulikuwa shaba, pembe na watumwa. Waingereza wa Cecil Rhodes walimtaka, na Leopold alimtaka pia. Mwaka 1891 mfalme alimtuma Kapteni William Stairs, ambaye alikusanya wapagazi na askari Zanzibar na kuvuka hadi Bunkeya. Msiri alikataa bendera ya mfalme. Desemba 20 mwaka huo alipigwa risasi na ofisa wa msafara huo, Omer Bodson, ambaye naye aliuawa. Bendera ikapandishwa, na Katanga ikawa ya Leopold. Mwezi uliofuata msafara mwingine uliwasili, na mmoja wa maofisa wake alikuwa kijana aitwaye Émile Francqui.

Mfalme hakuharakisha kuchimba. Alisubiri hadi 1906, alipokuwa mzee wa miaka 71, ndipo ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, pamoja na kampuni nyingine mbili za madini na reli. Wakati huo alikuwa amebanwa. Karani wa meli E. D. Morel alikuwa amegundua Antwerp kwamba meli zilirudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, lakini zilikwenda huko na bunduki na risasi, karibu bila bidhaa za kulipia. Mwaka 1904 ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ilichapishwa, na picha za mmisionari Alice Seeley Harris zikaonyesha Ulaya na Marekani watoto wasio na viganja. Tume ambayo mfalme mwenyewe aliiunda ili imsafishe ikarudi na ushahidi wa kumtia hatiani.

Novemba 1908 alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Hakuitoa bure. Serikali ilibeba madeni, ikagharamia majengo yake aliyokuwa akiyajenga, na kumwahidi faranga milioni 50 kama shukrani kwa jitihada zake, fedha ambazo nyingi zilitegemewa kutoka Kongo hiyohiyo. Kabla ya kukabidhi, nyaraka za Dola Huru zilichomwa moto kwa siku nane mfululizo. Hiyo ni sababu mojawapo ya wanahistoria kubishana hadi leo juu ya idadi ya waliokufa. Wapo wanaoitaja kuwa milioni 10, wapo wanaosema chini ya hapo, na hakuna sensa ya kuwaamua.

Alikufa Desemba 17, 1909, siku ileile aliyotimiza miaka 44 kwenye kiti cha enzi. Siku chache kabla, alifunga ndoa ya kanisani na Blanche Delacroix, mwanamke aliyeanza naye uhusiano akiwa msichana wa miaka 16 na mfalme akiwa na 65. Jeneza lilipopita mitaani Brussels, Wabelgiji wenyewe walizomea.

Shaba ya kwanza ya Union Minière iliyeyushwa mwaka 1911, miaka miwili baada ya kifo chake. Mji uliokua kwenye migodi ya Likasi ulipewa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni, ukaitwa Jadotville hadi 1966. Mitambo yake ilihitaji umeme, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Mto Lufira ukazibwa kwa bwawa kwenye maporomoko ya Mwadingusha. Maji yaliyorudi nyuma na kufunika bonde ndiyo Ziwa Tshangalele. Kituo cha umeme kilipofunguliwa mwaka 1930 kilipewa jina la Francqui, yule ofisa kijana wa 1892, ambaye sasa alikuwa miongoni mwa wenye fedha wakubwa wa Ubelgiji.

Bodi ya tulipu ilikuwa imekwisha kusahaulika wakati huo. Lakini bidhaa za Kongo hazikutoka kwenye magari, zilibadilika tu. Gari la umeme la leo hutumia shaba zaidi ya mara mbili ya gari la petroli, na betri nyingi zina kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia huchimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Mwaka 2020, Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliiandikia Kongo kueleza majuto yake kwa yaliyotendeka, na Juni 2022 akafika Lubumbashi mwenyewe. Hakuomba msamaha rasmi.

Mwadingusha ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2021, ili iupe umeme mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula ulio karibu na Kolwezi. Kwenye Tshangalele, watafiti waliopima samaki wamekuta ndani yao metali zinazoletwa na maji machafu ya viwanda vya Likasi. Samaki hao wanaendelea kuvuliwa, kukaushwa na kuuzwa.