Mwezi Gisabo na Ngoma za Gishora

Mpenzi wa muziki atokaye Mushasha, mjini Gitega, kwenda kilima cha Gishora kusikiliza mazoezi ya wapiga ngoma, huingia katika boma lililoasisiwa na Mfalme Mwezi Gisabo baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa. Mfalme huyo alishika enzi ya Burundi katikati ya karne ya 19. Alipigana na Wajerumani, na mwaka 1903, huko Kiganda, akalazimika kukubali himaya yao. Alifariki mwaka 1908. Ufalme wenyewe ukaondolewa mwaka 1966. Kwa Kirundi, neno moja, ingoma, lina maana ya ngoma na ya ufalme pia. Ufalme ulikwisha, lakini wazee waliendelea kuwafundisha vijana mapigo yale, ambayo UNESCO iliyatambua mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu wote.