Robert Lowth: Askofu Aliyepima Vitenzi

Wanafunzi wa sarufi aghalabu hulisikia jina la Robert Lowth likitajwa kwa lawama, kana kwamba ndiye aliyeitia pingu lugha ya Kiingereza. Maisha yake yatufunza mengine.

Lowth alizaliwa mwaka wa 1710 mjini Winchester, Uingereza. Alisomea huko, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alikuja kuwa profesa wa ushairi mwaka wa 1741. Mihadhara yake kuhusu ushairi wa Kiebrania, iliyochapishwa kwa Kilatini mwaka wa 1753, ilibainisha jinsi mshororo mmoja unavyoitikiwa na mwenzake kimaana. Hii ndiyo dhana ya usambamba ambayo wahakiki wangali wanaitumia.

Mwaka wa 1762 alichapisha kitabu kifupi cha sarufi ya Kiingereza bila kutia jina lake. Kazi hiyo aliianza kwa ajili ya mwanawe. Enzi hizo, waandishi wengi waliyachanganya maumbo mawili ya kitenzi yanayokaribiana: wrote, la wakati uliopita, na written, linaloandamana na kitenzi kisaidizi. Lowth alishikilia kwamba baada ya have au was, umbo linalofaa ni written. Katika kuorodhesha makosa ya aina hii, hata Milton hakusalimika.

Hata hivyo, wanaisimu waliozichunguza barua za Lowth wamegundua kwamba alipowaandikia watu wa karibu, yeye mwenyewe alitumia wrote pale ambapo kitabu chake chadai written. Je, alikuwa mnafiki? La hasha! Alitambua kuwa barua ya nyumbani ina sajili yake na kitabu kina yake. Waliomfuata, akiwemo Lindley Murray aliyechota mengi kwake katika sarufi yake ya mwaka wa 1795, waliyaeneza maagizo hayo shuleni. Upole wa barua zile haukufika huko.

Lowth aliteuliwa askofu wa London mwaka wa 1777. Mwaka wa 1783 alikataa kuwa askofu mkuu wa Canterbury, na mwaka wa 1787 akafariki.

Sisi tunaosahihisha insha za Kiswahili kwa wino mwekundu tuna la kujifunza hapa. Kabla ya kukata nasoma na kuandika ninasoma, tujiulize: ni kosa, au ni mazoea yetu tu?