Pierre Bourgoin: Komando wa mkono mmoja

PIERRE Bourgoin, ofisa Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka wa 1907, alipoteza mkono wake wa kulia vitani nchini Tunisia mwaka wa 1943. Ulemavu huo haukumzuia. Usiku mmoja wa Juni 1944 aliruka kwa parachuti karibu na kijiji cha Saint-Marcel, eneo la Brittany, kuongoza makomando wake na kuwapa silaha wazalendo waliopinga utawala wa Wajerumani.

Mnamo Juni 18, Wajerumani waliwashambulia. Mapigano yalidumu mchana kutwa. Usiku, Bourgoin aliamuru wapiganaji watawanyike, na wengi wakanusurika kuendeleza mapambano. Lakini wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi: Wajerumani walikiteketeza kijiji na kuwaua raia.

Bourgoin, aliyekuwa mbunge baada ya vita, alifariki mwaka wa 1970.